Daftari la Wavukaji

Jumatatu, 4 Machi

Leo hakuna aliyevuka. Jumamosi pia hakuvuka mtu, wala Ijumaa, wala Alhamisi.

Daftari hili ni la kuandikia wavukaji. Mteja akitoka kupimwa macho kwa binti yangu Mkubwa, anapewa karatasi ya kijani yenye namba za macho yake. Mimi namshika mkono, namvusha barabara mpaka kwa binti yangu Kitinda, anayekata vioo na kutengeneza miwani. Halafu narudi kwenye benchi langu naandika: mzee wa kofia, amevuka. Mwalimu mstaafu, amevuka. Mama wa mapacha, amevuka. Miaka tisa nimeandika hivyo.

Kurasa zilizobaki ni nyingi, na mimi sipendi karatasi ikae bure, kwa hiyo nitaandika mengine. Nilisoma mpaka darasa la nne tu. Mwandiko wangu ni wa kuku, lakini kuku naye hufika anakokwenda.

Mvua za masika zimeanza alfajiri.

Jumatano, 6 Machi

Niseme basi kwa nini hawavuki. Mkubwa amenunua mashine ya kukata vioo. Ni kubwa kama jiko la gesi, ameiweka pale palipokuwa viti vya wanaosubiri. Muuzaji alikuja na tai shingoni, akamfundisha siku mbili. Siku mbili! Kitinda alikaa kwa fundi wake miaka mitatu, na mwaka wa kwanza wote hakugusa kazi nyingine ila kufuta vioo kwa kitambaa.

Nikamuuliza, "Mwanangu, na mdogo wako?"

"Mama, siku hizi watu wanataka kila kitu kwenye mlango mmoja."

"Ulimwambia?"

"Ataona mwenyewe."

Nikanyamaza. Nilikuwa na sababu ya kunyamaza, lakini leo sitaiandika.

Jumatatu, 11 Machi

Ameona. Kitinda alivuka saa nne hivi, akasimama mlangoni ndala zinachuruzika maji. Akaitazama mashine kama mtu anayetazama mgeni aliyekalia kiti chake.

"Hongera, dada."

"Asante."

"Inakata vizuri?"

"Vizuri tu."

"Na katikati ya jicho unapapima kwa kitu gani?"

"Kwa rula."

"Kwa rula." Akacheka. "Ile ya shule?"

"Ndiyo, ile ile uliyokuwa nayo ulipofeli hesabu mara mbili."

Mungu anisamehe, na mimi nilicheka. Nilidhani ni utani wao wa siku zote, maana hawa tangu wadogo wanachanana kama mikeka halafu wanalala shuka moja. Lakini Kitinda hakucheka. Aligeuka akaondoka, na alipofika kwake akafunga mlango. Mlango ule haujawahi kufungwa mchana tangu ufunguliwe.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Hakuvuka mtu.

Jumamosi, 23 Machi

Kitinda naye amelipiza. Ameleta mashine yake ya kupima macho. Unaweka kidevu, unatazama picha ya nyumba ndogo mwisho wa barabara, inatoa namba zenyewe. Nje amebandika kibao cha rangi nyekundu: TUNAPIMA MACHO KWA KOMPYUTA. DAKIKA MBILI.

Huyu ndiye aliyekuwa anawarudisha watu. Mtu akija na haraka zake, "fundi, nipe miwani tu, macho yangu nayajua," Kitinda anamwambia, "Vuka kwanza ukapimwe kwa dada yangu. Mimi najua vioo, macho sijui." Alilisema bila aibu, na watu wakamwamini zaidi kwa sababu hiyo.

Mkubwa alikisoma kibao kupitia dirishani. "Dakika mbili," akasema. "Hata yai haliivi."

Jirani yangu muuza ndoo na mabeseni, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Redio, akaniambia, "Usijitie katikati, shoga. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime."

Nikamwambia hiyo ni kwa jirani. Mama achukue jembe gani, na shamba ndilo hilo linalogombana?

Jumanne, 2 Aprili

Maji yameuchukua ubao wetu. Kati ya mlango wa Mkubwa na barabara kuna mtaro, na mimi mwenyewe niliutandika ubao pale mwaka ule wa kwanza ili wateja wasilowe. Leo asubuhi haupo. Mkubwa ameona, Kitinda ameona. Hakuna aliyeleta mwingine. Wa kupita nani?

Nawakumbuka saa sita mchana. Ndiyo, nawakumbuka kama wamesafiri, na wote wawili nawaona kwa macho haya. Saa sita Kitinda alikuwa anavuka na vumbi la vioo mikononi, Mkubwa anatoka chumbani mwake, tunakaa watatu kwenye benchi hili, chupa moja ya chai, mkate mmoja. Waligombania kisigino cha mkate, watu wazima wale, mmoja na watoto wawili nyumbani. Mimi nilikuwa najifanya nimekasirika. Laiti ningejua, ningekuwa nanunua mkate wenye visigino vitupu.

Sasa nabeba chupa mbili. Nikianza kwa Mkubwa, Kitinda anatazama saa. Nikianza kwa Kitinda, Mkubwa anasema ameshiba.

Jumanne, 9 Aprili

Hili sijamwambia mtu. Jicho langu la kushoto halioni vizuri. Ni kama kutazama kupitia kioo cha jikoni sufuria inapochemka. Pikipiki ikija na taa, taa inaota ndevu. La kulia bado ni zima, ndilo linaloandika.

Miwani niliyo nayo ina miaka minne. Namba zake ni za Mkubwa, vioo vyake ni vya Kitinda. Ndani ya mkono wa miwani hiyo Kitinda alichora ua dogo kwa sindano, nikilipapasa kwa kidole nalijua. Nikisema sasa kwamba sioni, anipime nani? Anikatie nani? Nikienda huku, wa kule atalia. Nikienda kule, wa huku atasema, "Hata mama!" Basi nangoja wapatane. Jicho limekaa na mimi miaka hamsini na nane, litashindwa kungoja masika moja?

Jumamosi, 13 Aprili

Kitinda amenikamata. Nilimimina chai nje ya kikombe, akaniona.

"Mama, kaa hapa. Weka kidevu."

Nikaweka. Jicho la kulia mashine ikatoa namba. La kushoto ikalia tii, ikaandika neno jekundu.

"Umepepesa, mama."

"Nimepepesa, mwanangu."

Mara ya pili, tii. Mara ya tatu, tii. Nikaona uso wake unaanza kuingia wasiwasi, nikamwambia, "Si unipime kwa ubao wa alama tu, kama watu wa zamani?"

Ubao wa kwake ni ule ule wa Mkubwa, wametoa duka moja. Una alama kama chanuo lenye meno matatu, na unasema meno yanatazama wapi. Nikafunikwa jicho la kulia. Mbele yangu palikuwa na ukungu mtupu. Nikasema: juu. Kulia, chini. Kushoto, kushoto, juu. Nikashuka nao mpaka mstari wa mwisho, ule ambao vijana wenyewe wanakodoa macho.

"Ala! Mama una macho ya mwewe!" Akanibusu kwenye paji la uso. "Mashine hii nayo ina wazimu wake."

Ule ubao naufuta vumbi kila asubuhi kwa Mkubwa, miaka tisa. Naujua kama sala.

Nilitoka nimefurahi kama mwanafunzi aliyetazama jibu la mwenzake. Nilipofika kwenye mtaro nikakaa chini kabisa ukingoni, nikavuka kwa makalio, miguu majini.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua haijakatika siku tano. Sasa niandike ile sababu yangu ya kunyamaza.

Masika ya mwaka jana nilikuwa namvusha bibi mmoja mwembamba, mwenye fimbo. Aliteleza nimemshika. Hakuumia, lakini alilowa mpaka kilemba, akatetemeka. Nilipomrudisha ndani nikamwambia Mkubwa, kwa uchungu tu, "Kama mashine ya vioo ingekuwa humu humu, bibi wa watu asingelowa hivi."

Mkubwa akanitazama. Nadhani wazo la mashine lilianzia siku ile.

Kwa hiyo nikiwalilia wanangu, naulilia na ulimi wangu. Nilichotaka ni bibi asilowe.

Ijumaa, 26 Aprili

Dereva wa lori amerudisha miwani kwa Mkubwa mara ya pili. Anasema akiivaa sakafu inapanda kumfuata. Mkubwa akamwambia, "Utazoea." Kwa Kitinda, mwalimu mstaafu amebadilishiwa miwani mara ya tatu, na bado anasoma gazeti kwa kulivuta na kulisogeza kama anayepiga kinanda cha mkono.

Kila mmoja ana mteja wa mwenzake mkononi, na hakuna wa kumrudisha.

Ijumaa, 3 Mei

Leo nilimwomba Mkubwa anitazame jicho kwa ile tochi yake ndogo, ile anayokusogelea nayo mpaka unasikia pumzi yake. Zamani kila Januari alinitazama bila kuombwa. Mwaka huu Januari ilimkuta na yule muuzaji mwenye tai.

"Kesho, mama. Tazama, nina vioo sita havijakatwa."

Nikasema hakuna shida. Hakuinua kichwa. Nilibaki nimesimama nikimwangalia kisogo, nikatamani awe na miaka saba, nimsuke.

Jumatano, 8 Mei

Kichwa kinauma upande mmoja. Ni baridi hii.

Jumanne, 14 Mei

Naandika hospitali, kwa herufi kubwa, na muuguzi ameshanigombeza mara moja. Nitakwenda polepole, maana mambo ya Jumamosi nataka yakae humu kama yalivyokuwa.

Jumamosi ile saa tano nilipeleka chai kwa Kitinda. Kichwa kilikuwa kinagonga tangu asubuhi. Nilipoinama kuweka chupa, jicho la kushoto likachomwa, kama mtu amepigilia msumari akaacha nyundo inaendelea. Taa ya dukani ikawa na mviringo wa rangi. Nikatapika pale pale, juu ya sakafu yake safi.

"Mama! Umekula nini?"

"Jicho," nikasema. "Ni jicho, mwanangu."

Akanifungua mkono niliofunikia, na nikamsikia akivuta pumzi. Baadaye waliniambia lilikuwa jekundu kama nyama. Akanipeleka kwenye mashine, maskini, kidevu changu kinacheza, mashine ikalia tii. Akafungua droo, akatoa matone ya macho, akasoma karatasi ya ndani, akarudisha. Akatoa mengine. Akarudisha. Kisha mikono ikasimama.

"Mama, mimi sijui," akasema. "Sijui hii ni nini."

Neno hilo sikuwa nimelisikia kwa yeyote kati yao tangu Machi.

Akatoka mbio. Ubao haupo, na mtaro umejaa. Hakutafuta pa kurukia, aliingia tu, maji yakamfika magotini, akatokea ng'ambo. Barabara yetu si pana. Nilisikia kila kitu.

"Dada! Dada, acha hiyo, njoo umwone mama!"

Mashine ya Mkubwa ikazimika.

Alikuja na aproni yake ya vumbi, kalowa vile vile. Hawakusalimiana. Kitinda alinishika kichwa, Mkubwa akanisogelea na tochi. Nikasikia pumzi yake. Alitazama muda mrefu kuliko Januari zote.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mwaka jana mwishoni."

"Mwaka jana!" Kitinda akapiga kelele. "Mbona mwezi uliopita nilikupima? Ulisoma ubao wote, mpaka chini!"

"Naujua kwa moyo, mwanangu. Naufuta vumbi."

Mkubwa akatoa mfukoni kitabu cha karatasi za kijani. Kilikuwa kimejikunja pembe, hakijatumika tangu mwisho wa Februari. Akashika kalamu, akaanza kuandika.

"Unaandika nini sasa?" Kitinda akasema. "Mpe dawa! Wewe si ndiye unayejua macho?"

"Hii si yangu," Mkubwa akamjibu. "Wala si yako. Hii ni ya daktari wa hospitali ya macho, na ni sasa hivi. Kamata teksi."

Kwenye gari nilikaa katikati. Mmoja alinishika mkono huu, mwingine ule, na karatasi ya kijani Kitinda aliifunika kwa kiganja isilowe. Nilikuwa naumwa, lakini nisiseme uongo: nilitamani barabara iwe ndefu kidogo.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, mwenye sauti ya taratibu. Alisema ni mtoto wa jicho, aliiva akavimba, akaziba njia ya maji ndani ya jicho, presha ikapanda. Wakaishusha kwanza, jana wakanipasua. "Angeletwa mapema," akasema, "tungemtoa mtoto wa jicho, na mama angerudi nyumbani siku hiyo hiyo." Hakusema kwa ukali. Wanangu wakatazama ukuta, kila mmoja wa kwake.

Alhamisi, 16 Mei

Leo wamegombana tena, pembeni ya kitanda changu.

"Ni mimi. Ndiye niliyempima nikamwambia ana macho ya mwewe."

"Wewe ulimpima angalau. Mimi aliniomba, nikamwambia kesho."

"Mashine ilinikatalia mara tatu, dada! Mtoto mdogo angeelewa."

"Mimi ndiye niliyeanza."

Walikuwa wanagombania lawama kama kile kisigino cha mkate. Nikawaambia, "Acheni. Mimi ndiye niliyedanganya, na mimi ndiye niliyesema mashine ingekaa humu humu, siku ile bibi alipolowa."

Mkubwa akanigeukia. "Bibi gani?"

Nikamkumbusha. Akafikiri, akatikisa kichwa. "Mama, sikumbuki hata. Mimi nilinunua kwa sababu niliona wivu. Watu walikuwa wanatoka kwa huyu wanacheka, wanajitazama kwenye kioo. Kwangu wanatoka na namba."

Kitinda akachezea kona ya shuka langu. "Na mimi," akasema, "hakuna aliyewahi kuniita daktari."

Mwaka mzima nilibeba mzigo ambao haukuwa wangu. Nilicheka mpaka muuguzi akaja.

Ijumaa, 24 Mei

Niko nyumbani. Bandeji imetoka. Jicho la kushoto linaona mwanga, na mtu akipita linaona kivuli chake. Daktari anasema limeishia hapo. La kulia nalo, mtoto wake bado ni mdogo, watamfuatilia, miwani itatosha kwa sasa.

Nalikumbuka jicho langu. Nikifunga la kulia najaribu kuona benchi, naona weupe tu, na ndani ya weupe nalijua benchi liko wapi. Ndivyo nilivyowakumbuka hawa masika yote.

Hawajapatana kama watu wa kwenye hadithi. Wanaongea kwa adabu mno, "samahani dada", "hapana, wewe kwanza", na adabu kati ya wanangu inanitisha kuliko matusi. Mashine ya Mkubwa imefunikwa shuka la maua. Mashine ya Kitinda ipo, lakini kofia yake ameitundika juu yake, na kwenye kile kibao amepaka rangi juu ya maneno DAKIKA MBILI. Mengine kayaacha. Ni mbishi, amenitoka mimi.

Alhamisi, 30 Mei

Manyunyu tu. Dereva wa lori amepelekwa kwa Kitinda akatiwe vioo upya. Alivuka peke yake, kabla sijanyanyuka. Nimemwandika hata hivyo: dereva wa lori, amevuka.

Jumatatu, 3 Juni

Jua limetoka, barabara inafuka mvuke.

Mkubwa amenipima. Ameweka ubao mwingine kabisa, wa alama nisizozijua, na amekataza nisiufute vumbi. Mstari wa kwanza nilisema, wa pili nikasema, wa tatu nikapapasa. Wa nne nikamwambia, "Sijui, mwanangu." Akasema, "Asante, mama," akaandika namba kwenye karatasi ya kijani, akaikunja mara mbili.

"Peleka ng'ambo. Nikuvushe?"

"Mimi ndiye mvushaji hapa," nikamwambia.

Nilipofika nje nikamkuta mwalimu mstaafu anakuja upande wetu na gazeti kwapani. "Fundi ameniambia yeye macho hajui," akasema, "nije kupimwa upya." Nikampisha. Na hapo ndipo nilipotazama mtaro.

Kuna mbao mbili. Mmoja ni mpya, umepakwa mafuta, na pembeni yake pamechongwa ua dogo. Mwingine ni rafu ya zamani ya chumba cha Mkubwa, bado ina matundu ya skrubu. Zimelala bega kwa bega, na mmoja umezidi kidogo urefu.

Mama Redio alikuwa ananitazama juu ya mabeseni yake. "Mmoja kaleta Jumamosi jioni, mwingine jana alfajiri," akasema. "Kila mmoja kaniambia nisimwambie mwenzake."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Shoga, ilinikaba hapa!"

Nikasimama na karatasi yangu. Ng'ambo Kitinda alikuwa mlangoni, amefunga mikono, anajifanya anatazama mawingu. Nyuma yangu nilimsikia Mkubwa ameacha kumpima mwalimu. Wote wanangoja nikanyage upi.

Nikaweka mguu wa kulia kwenye mmoja na wa kushoto kwenye mwingine, nikaenda hivyo hivyo, miguu imepanuka kama bata, Mama Redio anacheka, mpaka ng'ambo.

Kitinda amenipa kalamu niandikie hapa hapa kwake, kabla hajanipima katikati ya jicho.

Mwalimu mstaafu, amevuka.
Mama yao, amevuka.